Maneno Yaliyobaki Jikoni kwa Mgiriki

Sikumpenda yule mpishi. Nasema mapema ili nisije nikaonekana mnafiki huko mbele. Kwao sikukujua na sikutaka kukujua. Watu wote walimwita Mpishi, hata Mgiriki mwenyewe aliyemwajiri, na mimi mdomoni nilimwita hivyo hivyo. Moyoni nilimwita majina mengine.

Alikuwa mpishi wa hoteli ya Mgiriki pale Makambako, njia panda, enzi za Mwingereza. Makambako ya siku hizo ilikuwa maduka machache, upepo, na malori. Lori likitoka Iringa lilipita pale, liwe linakwenda Mbeya au linakata kushoto kuja kwetu Njombe na kuendelea Songea. Barabara ilikuwa mbaya, dereva hakujua atafika saa ngapi, kwa hiyo Mgiriki hakufunga mlango. Usiku kucha karabai iliwaka. Chumba cha mbele walikaa Wazungu, hasa Wagiriki wenzake wa mashamba ya tumbaku waliokuja kucheza karata. Wahindi waliwekewa meza barazani. Sisi Waafrika tulizunguka nyuma, tukaingia jikoni, ambako palikuwa na benchi refu ukutani. Sufuria lilikuwa moja kwa wote. Mpishi alipenda kusema, "Sufuria halijui mlango."

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja wa Iringa. Alikula kwenye benchi lile mara mbili, mara tatu kwa wiki, kwa miaka kumi na minne. Halafu alikuja nyumbani Njombe akiwa ameshiba.

Mwanamke ambaye hajawahi kupika ugali, akauacha umefunikwa hadi ukapoa, kisha akaambiwa "Nimeshakula, Mama Tumaini, nilipita kwa Mpishi," huyo asinishangae. Ningejua la kufanya kama angekuwa mwanamke. Ningeenda Makambako nikamfumua nywele, watu wakatuamua, yakaisha. Lakini utamwonea wivu vipi mwanaume mnene mwenye aproni ya gunia? Utamshitaki kwa nani? Nilijaribu kumweleza mama mkwe wangu, akanitazama kama nimepata homa. "Mwanangu ameshiba, wewe unalia?" akasema. "Wenzako waume zao wanakunywa ulanzi hadi wanalala mtaroni."

Basi nikanyamaza, wivu ukakaa.

Nilimwona mara nyingi, maana kaka yangu alikuwa anaishi Makambako na nilikuwa nikienda kwake kusalimia na kubadilisha mbegu. Alikuwa mnene juu, mwembamba miguuni. Vidole vyake havikuonekana kuhisi moto. Aligeuza nyama kwenye makaa kwa mkono huku akizungumza na mtu mwingine. Kofia yake ya sufu hakuivua hata jikoni palipokuwa na joto la kumtoa mtu jasho. Alipopita kuku uani aliwaamkia kwa Kigiriki, "Kalimera, kalimera," kwa heshima zote, lakini Mgiriki akimwamkia hivyo hivyo asubuhi, yeye alimjibu kwa Kiswahili.

Dereva akiingia hakumuuliza anataka kula nini. Alimuuliza, "Umekuja na njaa au na uchovu?" Aliyejibu njaa alipewa nyama na wali. Aliyejibu uchovu alipewa supu kwanza, hata kama aliapa anataka nyama. "Mtu aliyechoka ukimpa nyama," alisema, "anaitafuna kwa hasira, kesho anaipindua gari." Walimcheka, lakini walimtii. Na hakuruhusu mtu kula amesimama, hata kama lori linanguruma nje na Mhindi anapiga honi. "Kaa. Aliyekufa ndiye hana nafasi ya kukaa."

Alikuwa na kinyume chake kila upande. Ulanzi alikataza jikoni kwake, akafukuza madereva wawili kwa ajili hiyo, na kila mtu alijua kwamba ile birika nyeusi iliyokaa peke yake pembeni ya jiko haikuwa na chai. Aliimba nyimbo zetu za kanisani zote, beti zote, kwa sauti nzuri kuliko mzee wetu wa kanisa, lakini Jumapili hakukanyaga kanisani, si kwa Walutheri wala kwa Wakatoliki. Alipika nyama usiku kucha na yeye mwenyewe hakuila. Alikula ugali wa ulezi na mboga za majani, peke yake, alfajiri, amegeukia ukuta. Mchoyo wa chumvi, lakini mtu akimwomba shati analivua.

Nayajua yote haya kwa sababu nilimchunguza. Mtu humjua adui yake kuliko rafiki.

Supu ndiyo iliyoniumiza zaidi. Ilikuwa supu ya kuku, ndani yake mayai na ndimu. Mgiriki alimfundisha, yeye akaizidi. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini supu ile ilimfungua kinywa. "Inapasha mpaka visigino," alisema, akiwa amekaa kwangu, kwenye kigoda changu, karibu na moto wangu.

Nikaamua nitaipika. Ndimu nilizipata kwa mama mmoja aliyezileta sokoni kutoka Lupingu, kule ziwani. Kuku nilikuwa naye. Taabu ilikuwa mayai. Kwetu mwanamke aliyeolewa hakula mayai, mama yangu alinikataza na mama mkwe akakazia, kwamba utazaa mtoto asiye na nywele au hutazaa kabisa. Kwa hiyo nilikuwa napika kitu nisichoweza kukionja. Nikachemsha kuku, nikapasua mayai manne juu ya mchuzi unaotokota, nikakamulia ndimu. Yakaganda vipande vipande kama nguo iliyochanika. Nikampelekea mume wangu hivyo hivyo, labda ndivyo inavyokuwa, nitajuaje?

Alitazama bakuli. Alikula yote, sitamsingizia. Kisha akasema kwa upole, "Mpishi huwa anayapiga mayai pembeni kwanza na ndimu. Halafu anayalisha mchuzi kidogo kidogo, yasishtuke."

Nilitamani anipige badala ya kuniambia vile.

Sasa niseme jinsi nilivyomhudumia mume wangu, ili mjue sikuwa mwanamke mvivu. Akirudi safari nilimletea maji ya moto ya kuoga. Chakula nilikibeba kutoka jikoni hadi chumba cha mbele, nikapiga goti, nikamnawisha, nikaweka, nikaondoka. Sikukaa kumtazama akila na sikumsemesha. Ndivyo nilivyofundwa: mwanaume hakai mekoni, na akila hasemeshwi. Wake za madereva wengine waliokuwa wakigombana na waume zao kwenye sahani niliwadharau. Kwangu palikuwa na heshima, na palikuwa kimya.

Kimya chenyewe kilianza kabla ya hoteli. Mtoto wetu wa kwanza alitufia akiwa na miaka mitatu. Tulikuwa tunampeleka hospitali ya misheni kwa miguu, mume wangu mbele na fimbo na mzigo, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Tulivuka mto. Tulipofika hospitali hakuwa hai. Tukamzika, tukarudi, na tangu siku ile mimi na mume wangu hatukulizungumza. Walizaliwa wengine watatu baadaye. Tulizungumza mahindi, ada ya shule, bati la nyumba. Yule hatukumgusa.

Niliamini ndivyo wanaume walivyo. Niliamini hana maneno.

Halafu ikatokea siku nilikuwa kwa kaka yangu Makambako, mume wangu ametuma salamu kwamba atapita na lori kunichukua. Usiku nikasikia lori limeingia kwa Mgiriki, nikajifunga blanketi, nikaenda. Nilipofika nyuma ya jiko, kwenye rundo la kuni, nikasikia mtu anazungumza. Sikuitambua sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayesimulia, haina haraka, inapanda na kushuka. Nikachungulia dirishani. Nilimwona mgongo tu, ameinama kwenye benchi, na Mpishi amesimama kwenye jiko amemgeuzia kisogo. Ilikuwa sauti ya mume wangu.

Alikuwa anamzungumzia mtoto. Alisimulia jinsi alivyopenda kukimbiza mbuzi, jinsi alivyomwita babu yake kwa kigugumizi. Mambo ambayo nilidhani ni mimi peke yangu ninayeyakumbuka. Kisha akasema, "Basi, tulipofika mtoni..." na pale pale utingo akawasha lori lingine uani, likanguruma, sikusikia tena neno. Liliponyamaza, mume wangu naye alikuwa amenyamaza, anapuliza supu.

Niseme wazi lililonichoma. Kuhusu mto ule nilikuwa na jambo langu ambalo sikumwambia mtu yeyote duniani. Na sasa Mpishi wa Mgiriki alikuwa ameambiwa habari ya mto ule, na mimi sikujua ameambiwa nini. Je, mume wangu alijua? Je, alinilaumu? Njia nzima hadi Njombe nilikaa pembeni yake ndani ya lori, na yeye alinyamaza kama kawaida yake. Aliniuliza mara moja tu kama nasikia baridi.

Wiki iliyofuata nilitafuta kisingizio nikarudi Makambako, nikaingia jikoni kwa Mpishi mchana.

"Kamwene, shemeji," alisema. "Umekuja na njaa au na uchovu?"

"Nimekuja na swali. Mume wangu anakuambia nini hapa?"

Aliendelea kukatakata vitunguu. Nilimwona machozi, lakini ni ya vitunguu.

"Shemeji, hapa watu wanakula, wanaondoka, mimi naosha sahani."

"Sijakuuliza sahani."

"Na mimi sina jibu lingine. Kaa, nikupe supu."

"Supu yako ina mayai."

"Basi nikupe chai."

"Chai ninayo kwangu," nikasema, nikaondoka. Nilirudi kwa kaka yangu. Nilimchukia. Nilimchukia kwa kunificha, na nikamchukia zaidi kwa kuwa alifanya vizuri. Mtu anayetoa siri za wenzake ningempuuza, huyu sikuweza hata kumdharau.

Kila safari mume wangu alirudi na salamu. "Mpishi anakusalimu." Sikuzirudisha hata mara moja. Wakati mmoja alituma kopo la zeituni za Kigiriki kama zawadi ya Krismasi. Nilionja moja, nikaona ni chungu kama dawa ya minyoo, nikawamwagia nguruwe, na nguruwe nao wakazikataa. Nilifurahi siku nzima.

Mume wangu alikufa kwa kichomi, msimu wa baridi kali, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea bomani. Alilala siku tano. Siku zote tano nilimletea uji kitandani, nikapiga goti, nikaweka, nikangoja labda atasema. Siku ya nne alinitazama kwa muda mrefu. Mimi nikadhani anataka maji, nikaenda kuleta maji.

Msibani walikuja madereva kutoka Iringa hadi Songea. Mpishi hakuja. Hoteli haikufungwa hata siku ile. Nikaliongeza na hilo kwenye deni lake.

Baada ya mavuno nilikwenda Makambako. Sikuwa na kisingizio tena na sikukitafuta. Nilifika hotelini asubuhi, malori ya usiku yameshaondoka, Mgiriki amelala. Mpishi alikuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yamelegea, kofia imekuwa kubwa kichwani. Aliponiona aliiacha kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Shemeji. Pole. Sikuja kumzika."

"Nimeona."

"Nilipika siku ile. Madereva wote waliokuja kwako walipita hapa kwanza. Nilisema niwape nguvu ya kubeba jeneza." Akafuta mikono. "Nilikosea. Ilifaa nije."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, akaninyang'anya mwanzo wake. Nikakaa kwenye benchi. Ndiyo mara ya kwanza kukaa pale. Akaniletea supu bila kuniuliza, na mimi, mjane, umri wa kuzaa umekwisha, nikaona mayai hayana tena cha kunifanya. Nikainywa. Nilitumaini iwe mbaya. Mungu anisamehe, haikuwa mbaya. Niliinywa hadi mwisho na nikafuta bakuli kwa kidole.

"Sasa niambie," nikasema. "Yeye amekufa, sahani imeshaoshwa. Uliwezaje kumtoa maneno? Ulimwekea nini humu?"

"Sikumwekea kitu. Alikuwa anamenya viazi."

"Nani?"

"Dereva. Wote wanamenya. Mgiriki hataki kuniajiria mtu, na viazi ni gunia zima kwa usiku. Anayengoja chakula nampa kisu." Akainua mabega. "Mtu akimenya, mikono ina kazi, macho yako chini, hakuna anayemtazama usoni. Anaanza kusema mwenyewe. Mimi huwa nimemgeuzia mgongo. Nusu ya maneno yao hata siyasikii."

Viazi! Njombe nzima ni viazi. Nilikuwa navyo shambani, ghalani, chini ya kitanda. Miaka yote ile nilikuwa namenya mwenyewe, peke yangu, mekoni, nimefunga mlango moshi usimfikie mwenye nyumba, halafu namletea vimeiva, kwa goti. Mwanaume hakai mekoni. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimlinda asikae. Nilikaa na jambo hilo kifuani, likaniuma kuliko lolote alilowahi kunifanyia mpishi yule.

Alisogeza beseni la viazi karibu na miguu yangu, akaweka kisu juu yake, akarudi kwenye jiko na kunigeuzia mgongo.

Nilimenya. Sijui vingapi. Nilijua hila yake, alishaniambia mwenyewe, na bado nikajisikia nasema.

Nilisema kwamba mtoto hakufia karibu na hospitali. Alifia mgongoni mwangu, kabla ya mto. Nilisikia kichwa kimelegea kwenye bega langu, na mgongo wangu uliokuwa unaungua kwa homa yake ukaanza kupoa. Nilijua. Mume wangu alikuwa mbele, hatua kumi, anatafuta mahali pa kuvukia. Sikumwita. Tulivuka, tukapanda kilima, tukatembea tena hadi jua likahama, na mimi nimebeba maiti na simwambii baba yake. Nilitaka tufike. Niliona tukifika, pengine kutakuwa na mtu atakayeniambia nimekosea. Na baadaye nikaogopa kusema, maana angeuliza, "Kwa nini uliniacha nitembee vile, nikimwimbia?" Kwa sababu alikuwa akiimba, njia nzima, ili mtoto asiogope.

Mpishi alikuwa amesimama, kijiko mkononi, hakorogi.

"Mimi sisemi ya watu," alisema hatimaye, bado amenigeuzia mgongo. "Hili nitasema, halafu sitasema tena. Alijua."

Kisu kiliniponyoka.

"Alisema mtoni alisikia mwendo wako umebadilika. Alijua hapo hapo. Akaona hutaki kusema, akasema moyoni, basi, mwache ambebe mpaka atakapochoka mwenyewe. Ndiyo maana aliendelea kuimba. Alisema alikuimbia wewe."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema mtoto ulimbeba wewe, kwa hiyo neno ni lako. Alikuwa anakungoja."

Alikuwa anakungoja. Miaka kumi na minne ya hoteli, na ile ya kabla yake. Na siku ya nne kitandani, aliponitazama, mimi nikaenda kuleta maji.

Nililia kwa sauti, kama mtu aliye msibani kwake. Mpishi hakunigusa wala hakunibembeleza. Alingoja. Nilipomaliza aliokota kisu, akakiosha, akachukua beseni.

"Umemenya vizuri," alisema. "Karibu tena, Mama Lutengano."

Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu wiki ya maziko ya mtoto wetu wa kwanza. Mama mkwe aliwakataza watu kuniita hivyo, wasije wakanitonesha, na alipozaliwa wa pili nikawa Mama Tumaini kwa ukoo, kwa kanisa, kwa soko zima, na kwa mume wangu pia.

"Nani amekuambia uniite hivyo?"

"Dereva. Hapa kwangu hakukuita jina lingine. 'Mama Lutengano kanifulia sweta. Mama Lutengano hapendi nikichelewa.' Mimi nilidhani ndilo jina lako."

Wivu ulinipanda palepale, mkubwa kuliko ule wa ugali na wa supu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Hoteli imekwisha siku nyingi na Mpishi sijui alikozikwa, lakini namwonea wivu hadi leo, maana yeye alilisikia jina langu kwenye kinywa cha mume wangu miaka kumi na minne, na mimi, tangu maziko yale, nimelisikia asubuhi ile tu, kwenye kinywa cha Mpishi.